Kidole Kisichosomeka

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usijilaumu, hukukosa raha. Ulikosa tu kunikuta nikipanda mashua asubuhi kwenda Utende kuripoti kwa Afisa Wilbrod, mguu mmoja wangu, mguu mwingine wa serikali.

Nikukumbushe upesi. Mimi ni Arafa, mfunga mwani wa kisiwa cha Chole. Kuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu, na laini hiyo imetapeli watu bara kwa ule mchezo wa "ile hela itume kwenye namba hii". Mmoja wao ni mwalimu mstaafu, mzee wa watu, aliyekuja kulia mbele yangu mahakamani. Laini yenyewe sijawahi kuishika. Lakini hakimu alisema jina ni langu na kitambulisho ni changu, na kwa kuwa sijawahi kushtakiwa, akanihurumia.

Huruma yenyewe ndiyo hii bangili. Badala ya gereza la bara, nikatiwa kwenye mradi wa majaribio. Ni plastiki nyeusi iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu, haivuliwi, na kila dakika inawaambia watu wa bara, ambao Chole hawajaiona hata kwenye kalenda, kwamba Arafa yuko wapi. Wanawake wenzangu wameipa jina, wanaiita furungu, lile pambo la mguuni. Wenzio wanavishwa furungu na waume zao, wewe umevishwa na hakimu, ndivyo wanavyonitania tukiwa kwenye mwani. Nacheka nao. Nikinuna nitamaliza?

Mume wangu ulimsoma sehemu ya nne, akiondoka na godoro. Aliyebaki na mimi ni Mama Safia.

Mama Safia si mama aliyenizaa. Aliyenizaa ni mdogo wake, alifariki wiki aliyojifungua. Mama Safia alikuwa na mtoto mchanga wa kwake, Ussi, akanitia na mimi kifuani. Kwa hiyo mimi na Ussi ni ndugu wa ziwa, hata dini inatutambua hivyo. Yeye ndiye aliyesimama mahakamani akanidhamini, na nyumba yake ndiyo kifungo changu. Jioni nakaa kwenye mkeka nikichaji mguu, nimechomekwa ukutani kama pasi, na yeye ananiletea uji.

Sasa tuendelee.

*

"Arafa, simu yako nimepiga wiki nzima," alisema Afisa Wilbrod. "Inasema namba haipatikani."

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba. Simu."

"Wameifunga. Laini zote zenye jina langu wamezifunga, ya kweli na ya uongo."

Akajipangusa uso. Huyu bwana ametoka Bukoba, ana watoto huko, na nadhani amechoka kuliko mimi. Hana ubaya. Mara ya kwanza bangili ilipolia alinipigia yeye mwenyewe, na mara ya pili pia.

Sababu ya kulia nikueleze. Ramani waliyoichora huko bara inasema ardhi inaishia pale mkoko wa mwisho, baada ya hapo ni bahari. Lakini likiwa bamvua, maji yakipwa, hiyo bahari yao ni mchanga mtupu, watu wanatembea kwa miguu mpaka kisiwa cha Juani na watoto mgongoni. Mwani wangu uko huko huko. Nikiufuata, mashine inaona mfungwa amejitosa baharini anaogelea kwenda Kilwa. Afisa Wilbrod anapiga, "Arafa, uko wapi?" Namjibu, "Nipo kwenye mwani, maji yananifika vidoleni." Anawapigia bara, kelele zinaisha.

"Unaelewa kwa nini nataka uwe na simu?" alisema. "Umeshalia mara mbili. Mara ya tatu mradi unasema kama hupokei simu, umetoroka. Hapo sina cha kukutetea. Unakwenda bara siku hiyo hiyo."

"Naelewa."

"Basi twende tukakusajilie laini. Na huyu mama atatusindikiza."

Huyu mama ni Devotha, mtafiti wa chuo kikuu. Anaandika kuhusu watu waliovishwa bangili na watu walioibiwa majina, na mimi kwa bahati yangu nimo kote kuwili. Kila Ijumaa ananiuliza maswali yake na mimi namjibu. Analala vibaya nyumba ya wageni, mbu wamemchora mikono yote, ila hajawahi kunikatiza nikiwa naongea.

Wakala alikuwa chini ya mwavuli wake karibu na gati, foleni imejaa.

"Dole gumba, mama," aliniambia.

Nikaweka.

"Haijasoma. Futa kwenye kanga."

Nikafuta, nikaweka.

"Haijasoma. Lete cha shahada."

Nikaleta cha shahada, nikaleta cha kati, nikaleta mkono wa pili wote. Akanishika kidole, akakigeuza juani.

"Mama, hiki kidole au kijiko?"

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli. Ukifunga mwani miaka kama mimi, kamba na chumvi vinakula vidole mpaka vinakuwa laini. Wenzangu wengi wako hivyo. Mahakamani nilisema, vidole vyangu havisomeki, nimesajilije hiyo laini? Nikajibiwa kwamba laini ilithibitishwa kihalali, nikae chini.

"Usijali," alisema wakala. "Vidole vikikataa kuna maswali. Mfumo unakuuliza mambo yako mwenyewe, ukijibu sawa umepita. Tayari?"

"Tayari."

"Jina la mama mzazi?"

"Siwatu."

Akaandika. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Siyo."

"Siyo vipi?"

"Mimi sijui. Mfumo umekataa."

"Kijana, mama yangu ni Siwatu. Ulizia kisiwa kizima."

"Kisiwa hakipo humu ndani, mama." Akabonyeza tena. "Ndiyo mfumo umeshanifungia. Mpaka wiki ijayo ndiyo ujaribu tena."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Hata mama yake hamjui, ndiyo maana kavishwa," na safari hii wakacheka bila mimi. Nilijisikia vibaya, sitaki kukudanganya. Nilitamani nikae pale pale mchangani nilie kama mtoto aliyepotezwa mnadani.

Afisa Wilbrod akashusha pumzi. "Arafa. Sasa mimi nikikupigia, nitampigia nani?"

Devotha ndiye aliyenivuta pembeni. Akanipa maji, akasubiri ninywe.

"Dada Arafa, nikuulize kitu. Hukuwahi kuambiwa kwamba ile laini ya utapeli nayo ilisajiliwa kwa maswali?"

"Maswali gani?"

"Haya haya. Nimeruhusiwa kusoma faili lako. Kidole hakikutumika. Wakala wa Kilindoni anayeonekana kuisajili alishaacha kazi na hajulikani alipo, lakini mashine yake ilithibitisha kwa maswali. Na la mama mzazi lilijibiwa sawa mara ya kwanza."

Nilimtazama. Yeye alidhani sijaelewa, akarudia taratibu.

Nilikuwa nimeelewa. Mwizi aliulizwa mama yangu akajua. Mimi nimeulizwa mama yangu nikakosa. Kumbe huyo mwizi ni Arafa hodari kuliko Arafa.

Halafu ndipo nikakumbuka. Mwili wote ulinipoa, na jua la Utende lile unalijua.

Bibi yetu, baada ya kumzaa Mama Safia, alizika watoto watatu mfululizo. Aliyewafuata alipozaliwa, yaani mama yangu, akapewa jina la kumficha, kama desturi yetu ilivyo. Akaitwa Siwatu, ili mauti yakija kuulizia, yaambiwe hapa hakuna mtu. Kisiwa kizima kilimjua kwa jina hilo, na hata kwenye hitima yake lilitajwa hilo hilo. Jina lake lenyewe, alilosomewa sikioni na baba yake, lilikuwa Mwanaharusi.

Hilo nililisikia mara moja tu maishani. Ni siku nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho. Karani aliuliza jina la mama, nikafungua mdomo kusema Siwatu, Mama Safia akanishika goti. "Andika Mwanaharusi," alimwambia karani. "Mauti yameshamchukua, hakuna haja ya kumficha tena. Serikalini aingie kwa jina lake." Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Kisha tukarudi nyumbani, tukaendelea kumwita Siwatu kama siku zote.

Mle ndani tulikuwa watatu. Mimi, karani wa bara aliyekwisha kuhamishwa, na Mama Safia.

"Dada Arafa," alisema Devotha, "unajua nani anaweza kujua jibu hilo?"

"Sijui."

"Fikiri. Mtu wa karibu sana."

"Nimeshasema sijui, mama. Nimechoka."

Akafunga kinasa sauti chake. Hakuniamini, lakini hakunisukuma. Afisa Wilbrod akaja, akasema neno la mwisho kabla sijapanda mashua.

"Jumatatu faili lako linarudi mahakamani kwa mapitio. Ukiwa na jina la mtu, na mtu mwenyewe awepo, hiyo bangili naikata mimi kwa mkono wangu. Ukija mikono mitupu, kifungo kinabaki kama kilivyo. Na usilie tena, tafadhali. Kaa nyumbani."

"Nitakaa."

*

Nilimkuta Mama Safia uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi ya pili. Sisi wawili nazi moja hutufikisha kesho yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi upesi. Ushakula?"

"Tuna mgeni?"

"Mgeni n'nani? Nimejisikia tu kula wali."

Nikakaa kwenye kinu kilicholala. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye mashua, yote yakanipotea.

"Mama, leo nimeulizwa jina la mama yangu. Nikasema Siwatu."

Mkono wake ukaendelea kukuna.

"Wakasema siyo."

"Hao wenye mashine wanajua nini."

"Wanajua Mwanaharusi, mama."

Mkono ukasimama. Kifuu kikabaki kwenye meno ya mbuzi, maji ya nazi yakimchirizika mpaka kiwikoni.

"Jina hilo umemwambia nani?" nikamuuliza.

"Sijamwambia mtu."

Msomaji wangu, nilimwomba Mungu aseme amemwambia mtu. Aseme amemwambia jirani, au mchuuzi wa samaki, au paka. Nilimpa nafasi nyingine.

"Fikiri, mama. Labda ulisahau."

"Sijamwambia mtu, Arafa. Jina la marehemu silitembezi."

"Basi aliyejibu ile mashine ni wewe."

Akaweka kifuu chini taratibu. Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, na vidole vyake navyo ni kama vyangu.

"Alikuja Ussi," alisema. "Mwezi wa mfungo, we ulikuwa kwenye mwani. Kaja na simu yake ile ya kusajilia watu. Akan'ambia, mama, Arafa vidole vyake havisomi, nataka nimpe laini mpya siku ya Idi, usimwambie. Mashine ikauliza mama mzazi. Akasema Siwatu, nikamwambia ngoja, usiandike hivyo. Nikamtajia lile jingine. Wallahi Arafa, nilifurahi. Nikasema leo ndugu yangu katajwa kwa jina lake."

Ussi anauza vocha na kusajili laini Kilindoni, hilo ulilisoma tangu sehemu ya kwanza. Kumbe siku hiyo alisajili kwa mashine ya mwenzake aliyeacha kazi, ndiyo maana polisi walimtafuta mwenzake.

"Na Idi ikapita," nikasema. "Laini sikuipata."

"Nikadhani kasahau."

"Ulijua lini?"

Akaokota kifuu tena, akakitua.

"Mama. Ulijua lini?"

"Siku polisi walipokuja kukuchukua. Walivyoitaja tu ile laini, nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ukaja mahakamani ukanidhamini. Ulijua, na ukaapa."

"Ningefanyaje?" Sasa ndiyo alilia, na akilia Mama Safia huwa hatoi sauti, ni mabega tu. "Yule nimemzaa. Wewe nimekunyonyesha. Yeye kalala titi hili, wewe umelala titi hili. N'ambie, nikate lipi?"

Nilitaka kumchukia. Niliitafuta chuki kila mahali, nikapata uchovu peke yake. Huyu ndiye aliyeniletea uji jioni zote nilizochomekwa ukutani, na kila bakuli alikuwa anajua. Nadhani ule uji ndio ulionitia uchungu kuliko kesi.

"Nazi ya pili ni ya nani, mama?"

Akatupa jicho ndani ya nyumba. Kwa ndani, mlango wa nyuma ukalia bawaba.

*

Nilizunguka jikoni, nikatokea upande wa pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, na bamvua lilikuwa limewadia, mchanga umetoka mpaka Juani. Ussi alikuwa ameshaupita mkoko wa mwisho, viatu mkononi, suruali ameikunja magotini.

"Ussi!"

Akageuka. Alikuwa amekonda. Nikaona aibu kumwonea huruma, nikamwonea hivyo hivyo.

"Rudi!" nikaita. "Jumatatu kuna mahakama. Njoo useme mwenyewe!"

"Nikisema nitafungwa, dada."

"Mimi nimeshafungwa!"

"Wewe umefungwa mguu tu. Mimi watanifunga mzima."

Alisema hivyo bila utani, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Ndugu yangu huyu, tuliyekuwa tukigombea ganda la ukoko kwenye sufuria.

Nikasogea mpaka kwenye mkoko. Mkono wangu nikaushika mti wenyewe, maana nilijua ramani yao inaishia hapo. Na yeye alijua. Alisimama hatua chache tu mbele, mahali nisipoweza kufika.

"Usivuke," akasema. "Dada, usivuke, hicho kitu kitalia. Mama kaniambia umeshalia mara mbili. Kaa hapo hapo."

"Unanihurumia?"

"Nakuhurumia, kwani vipi? Sikujua watakupata wewe. Nilijua watapata jina tu."

"Jina ndiyo mimi, Ussi!"

Akainamisha kichwa. Nilidhani anarudi. Akageuka, akaanza kwenda, haraka haraka, akielekea Juani ambako nina hakika kuna chombo kinamsubiri. Akishavuka akafika bara, Ussi anakuwa mtu bila anwani.

Pale pale kwenye mkoko nikafanya hesabu yangu. Ussi akitoroka, Jumatatu nitakuwa na jina moja tu la mtu aliyepo la kumpa Afisa Wilbrod, la aliyejibu swali. Watamfunga mwanamke mzima aliyeninyonyesha, kwa kosa la kumtaja ndugu yake kwa heshima. Nisipomtaja, narudi mimi. Mtu wa kututoa sote wawili alikuwa anatembea mbele ya macho yangu na viatu mkononi.

Mama Safia akafika nyuma yangu, anahema, chembe za nazi bado zimemganda viwikoni. Akanishika kanga.

"Mwache," akasema. "Mwache mwanangu."

"Mwanao yupi, mama?"

Vidole vyake vikaiachia kanga kimoja kimoja.

Nikavuka mkoko. Nikavuka kwa mguu ule wenye bangili kwanza, nisije nikaghairi. Mchanga ulikuwa wa baridi. Hatua ya nne au ya tano, kifundoni pakaanza kulia, sauti nyembamba ya kuudhi inayosikika mpaka msikitini.

Ussi alisikia, akasimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

Mara mbili za mwanzo ilipolia hivi, Afisa Wilbrod alinipigia kuniuliza niko wapi. Nikaitoa simu kifuani kwa mazoea, nikaisubiri iite. Kisha nikakumbuka kwamba haina laini.